MPAKA WA SKULI MPYA

Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi



Katibu wa tawi ametutaka tuseme maneno machache juu ya jambo ambalo likitazamwa kwa mbali huonekana ni la makarani tu, nalo ni kukata mpaka wa skuli. Skuli mpya ya sekondari inapojengwa kwa fedha za umma, ni nani asemaye kwamba watoto wa nyumba hizi ndio watakaoingia, na watoto wa nyumba zile wabaki walipo? Na akishasema, ni nani wa kumwuliza?

Sisi si walimu, wala si wanasheria. Sisi ni watu wa duka, na elimu yetu ya mwanzo tuliipata chuoni, juu ya jamvi, kwa mwalimu ambaye hakuwa na ramani. Mtoto aliyekuja na juzuu yake alisogezewa nafasi akakaa. Kwa hiyo tulipoanza kusoma khabari za skuli za Marekani, ambako mtoto hupewa skuli kwa kutazamwa nyumba anayolala, jambo hili lilitushangaza, tukalifuata kwa miaka mingi kama mtu afuatavyo kesi ya jirani. Leo twataka tuwasimulieni kesi moja. Tumeichagua ya mbali makusudi, kwani ya karibu kila mtu huitazama kwa jicho la jamaa zake.

Mji ni Little Rock, mji mkuu wa jimbo la Arkansas, kusini mwa Marekani, na mwaka ni 1957. Wengi wenu mmekwisha kusikia khabari za wanafunzi tisa weusi waliozuiwa mlangoni na askari wenye bunduki, mpaka Rais wa nchi akaleta askari wengine wa kuwaingiza. Hiyo ndiyo sehemu iliyopigwa picha. Lakini kabla ya bunduki palikuwa na meza, na juu ya meza palikuwa na ramani, na katika ramani hiyo palikuwa na skuli mpya ambayo jina lake halitajwi sana. Sisi twataka tuanze hapo mezani.

Kwanza tufahamu desturi yao. Huko kwa kawaida skuli za umma huendeshwa na bodi ya mji, nayo ndiyo iukatayo mji vipande, kila kipande na skuli yake. Mtu akihama nyumba, huenda mtoto wake akahama na skuli pia. Katika majimbo ya kusini mambo yalikuwa mawili mawili: juu ya ardhi ile ile palikuwa na ramani ya Wazungu na ramani ya Weusi, na mtoto mweusi aliweza kuishi kando ya ukuta wa skuli ya Kizungu, na kila siku akaupita ukuta huo kwenda kusoma mbali. Tarehe 17 Mei 1954 Mahkama Kuu ya Marekani, chini ya Jaji Mkuu Earl Warren, majaji wote tisa kwa sauti moja, iliamua kwamba kuwatenga watoto kwa rangi zao katika skuli za umma ni kinyume cha katiba. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Mei 1955, Mahkama hiyo hiyo ilitoa hukumu ya pili juu ya namna ya kuitekeleza ile ya kwanza. Ikasema watu wafanye haraka, lakini haraka ya kufikiri, siku haikutajwa. Nasi wenye maduka twajua deni lisiloandikwa tarehe hulipwa lini.

Little Rock palikuwa na skuli mbili kubwa za sekondari. Ya Wazungu, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Central, ilifunguliwa mwaka 1927 kwa gharama ya dola milioni moja na nusu, na wasanifu wa majengo waliisifu kuwa ndiyo skuli nzuri kabisa katika nchi yao. Ya Weusi, jina lake Dunbar, ilifunguliwa mwaka 1929 kwa kiasi cha dola 400,000, na hata hizo sehemu yake ilikuwa ni fedha za hisani kutoka nje ya mji. Mji ulipokua, skuli hizo hazikutosha. Hapo ndipo alipoingia Bwana Virgil Blossom, aliyeshika kazi ya Mkuu wa Skuli za mji mwaka 1953.

Bwana Blossom hakuwa mtu wa fujo, wala hakuwa mtu wa kusimama hadharani akasema kuwa sheria haitatiiwa. Alikuwa mchapa kazi, mwenye maneno mengi na matumaini mengi, na wakubwa wa mji walimpenda. Alitaka sheria itiiwe, ila kwa kipimo kidogo kabisa ambacho jaji angekikubali. Mtu wa namna hii, kwa rai yetu, yataka kuangaliwa zaidi kuliko mwenye kelele, kwani mwenye kelele humsikia anakotokea.

Mpango wake ulikuwa hivi. Skuli mbili mpya zingejengwa: moja mashariki, Horace Mann, na moja magharibi, Hall. Central ingebaki katikati. Skuli tatu, vipande vitatu. Mwanzo viongozi wa Weusi waliambiwa kuwa skuli mpya zikiwa tayari, watoto wa rangi zote watafuata vipande vyao. Waliposikia hivyo wengine wao walitulia. Bodi ikaupitisha mpango tarehe 24 Mei 1955: skuli za sekondari zianze Septemba 1957, kisha zifuate za kati, kisha watoto wadogo, mpaka ifikapo mwaka 1963.

Lakini mpango ulikuwa ukibadilika kila ukipita mkononi. Horace Mann ilifunguliwa mapema, mwanzoni mwa mwaka 1956, mwaka mzima na nusu kabla ya ile siku ya kuanza. Ilifunguliwa kwa walimu weusi watupu na wanafunzi weusi watupu, na Dunbar ikashushwa ikawa skuli ya madarasa ya chini. Tena ikawekwa ruhusa ya kuhama: mtoto atakayejikuta katika kipande cha skuli ambayo watu wa rangi yake ni wachache, aweza kuomba aende kwingine. Watoto wa Kizungu waliokuwa wakikaa karibu na Horace Mann wakapata mlango wa kutokea. Basi upande wa mashariki ukaisha namna hiyo, na ramani ya zamani ikarudi chini ya jina jipya.

Sasa itazameni Hall. Ilijengwa magharibi, upande wa Pulaski Heights, walikokaa madaktari, mawakili, watu wa mabenki na wenye makampuni. Mtu mweusi aliyekuwa na fedha ya kununua nyumba kule hakuuziwa. Basi mwenye kalamu hakuwa na haja ya kuandika neno «Mzungu» popote katika karatasi yake. Alikuwa na haja ya kuandika kuwa mtoto asome skuli iliyo karibu na kwao. Nani atakayelipinga neno hilo? Hata sisi, tukiulizwa ghafla, twasema ndivyo.

Hapa tunaomba mtuvumilie kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye kazi yenyewe. Akatae mpaka wa skuli hutazama mambo mengi: idadi ya viti, mwendo wa miguu wa mtoto, njia kubwa ya magari asiyopasa kuivuka, reli, mto, skuli za chini ambazo watoto watatoka, na wapi watu watajenga miaka ijayo. Kila moja katika hayo ni neno la haki, na kila moja laweza kusimama mahkamani. Ila hayawezi kutimizwa yote kwa pamoja. Ukifuata mwendo wa miguu, viti havitoshi. Ukifuata viti, mtoto avuka reli. Kwa hiyo lazima lipatikane la kwanza na lipatikane la mwisho, na huko kupanga lipi litangulie ndiko kukata mpaka. Sisi twauza mchele, na twajua kuwa mtu aweza kuwa na mizani sahihi, na mawe sahihi, na mkono usiotetemeka, na bado akakupunja, kwa sababu ya alichokiweka chini ya sahani kabla hujaingia dukani. Mjini Little Rock kilichowekwa chini ya sahani ni mahali skuli ilipojengwa. Skuli ilipokwisha simama magharibi, mstari ulijikata wenyewe.

Ikabaki Central. Watoto wa wakubwa wengi walihamia Hall, skuli mpya, yenye rangi mbichi, isiyo na mwanafunzi mweusi hata mmoja. Waliobaki Central kwa upande wa Wazungu, wengi walikuwa watoto wa mafundi, makarani, na wafanya kazi wa mshahara mdogo. Hao ndio walioambiwa: ninyi ndio mtakaoanza kusoma na Weusi, wale wa magharibi, bado. Na walioambia hivyo walikuwa ni wale wale wa magharibi. Bwana Blossom alikwenda huku na huku kuueleza mpango wake, lakini zaidi aliwaeleza wenye vyeo na watu wa vilabu vya biashara. Kwa fundi na mkewe khabari ilifika imekwisha kuamuliwa.

Palikuwa na chama cha Wazungu wakorofi mjini pale, kikiitwa Capital Citizens' Council, na wakili wake Amis Guthridge. Watu hawa walikuwa wakitafuta kuni za moto wao, na hapo wakazipata bure. Walisimama wakasema: tazameni, matajiri wamejijengea skuli yao ya peke yao, na mzigo wamewatwisha ninyi. Neno hilo lilikuwa kweli. Makusudio yao yalikuwa maovu, kwani hawakutaka mzigo ugawanywe sawa, walitaka mtoto mweusi asiingie popote. Lakini neno lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilishika. Hatusemi haya kuwatetea waliokuja kutukana watoto barabarani. Mtu mzima anayemtemea mate msichana hana udhuru wa ramani. Twasema tu kwamba walioikata ile ramani waliiacha kweli moja mikononi mwa waongo.

Na Weusi je? Hawakukaa kimya. Tarehe 8 Februari 1956, baada ya wazazi kujaribu kuwaandikisha watoto wao na kukataliwa, chama cha kutetea haki za watu weusi, kijulikanacho kwa herufi NAACP, kilifungua kesi kwa niaba ya watoto 33. Jaji John Miller akaukubali mpango wa Bodi mwezi wa Agosti mwaka huo huo, akaona umefanywa kwa nia njema. Rufaa nayo ikashindwa mwaka 1957. Lakini kesi hiyo ilizaa tunda moja: mpango sasa ulikuwa na mhuri wa mahkama, na Bodi haikuweza tena kurudi nyuma hata kama ingetaka.

Katika kipande cha Central walikuwamo watoto weusi mamia wenye umri wa skuli ile. Kwa mujibu wa mstari uliokatwa na Bodi yenyewe, hiyo ndiyo iliyokuwa skuli yao. Ila baada ya mstari wa ardhi ukaja mstari wa pili, usioonekana katika karatasi. Watoto waliotaka kuingia waliitwa mmoja mmoja, wakatazamwa alama zao, tabia zao, na jamaa zao. Waliambiwa kuwa wakiingia hawatacheza katika timu za skuli, hawataimba katika kwaya, hawatakuwa katika chama chochote cha wanafunzi. Mtoto wa Kizungu aliyekaa njia hiyo hiyo hakuulizwa lolote. Wakachaguliwa 17, na siku ilipofika walikuwa wamebaki tisa. Majina yao yapasa kutajwa: Minnijean Brown, Elizabeth Eckford, Ernest Green, Thelma Mothershed, Melba Pattillo, Gloria Ray, Terrence Roberts, Jefferson Thomas na Carlotta Walls.

Yaliyofuata mnayajua, nasi tutayapita upesi, ila mahali pamoja. Tarehe 2 Septemba 1957 Gavana Orval Faubus aliwaweka askari wa jimbo kuizunguka Central. Tarehe 4 watoto walikuja. Bibi Daisy Bates, aliyekuwa kiongozi wa NAACP katika jimbo, alikuwa amepanga usiku ule wakutane mahali pamoja waende kwa pamoja, na akawapigia wazazi simu. Kwao Elizabeth Eckford hapakuwa na simu. Alikuwa na umri wa miaka 15. Alivaa nguo aliyoishona mwenyewe, akapanda basi, akashuka, akatembea peke yake kuelekea skuli ambayo kwa mpaka wa Bodi ilikuwa ni yake. Askari wakafungua njia kwa wanafunzi wa Kizungu. Alipofika yeye wakainua bunduki zao. Akageuka, na nyuma yake kundi la watu likamfuata likimpigia makelele mpaka kwenye kituo cha basi, akakaa kwenye benchi kungoja. Mwanamke mmoja wa Kizungu, Grace Lorch, akasimama naye akapanda naye basi. Siku ile hapakuwa na mtu aliyepiga kelele mbele ya Hall. Hall walikuwa wakisoma.

Tarehe 23 watoto wote tisa waliingizwa kwa mlango wa pembeni, na watu wakafanya ghasia hata wakatolewa kabla ya siku kwisha. Tarehe 24 Rais Eisenhower akapeleka askari wa miavuli wa Divisheni ya 101, zaidi ya elfu moja, na askari wa jimbo akawatoa mikononi mwa Gavana. Tarehe 25 wakaingia kwa mlango mkubwa. Mwaka ule wote walisukumwa, wakatukanwa, wakamwagiwa vitu. Minnijean Brown akafukuzwa skuli Februari 1958. Ernest Green akamaliza Mei 1958, na Dr. Martin Luther King alikuwako akitazama.

Sasa twarudi kwa Hall, maana ilikuwa haijaguswa bado. Tarehe 12 Septemba 1958 Mahkama Kuu ilikataa ombi la kuakhirisha mambo. Gavana Faubus akajibu kwa kuzifunga skuli zote nne za sekondari za mji: Central, Horace Mann, skuli ya ufundi, na Hall. Tarehe 27 Septemba watu wa mji walipiga kura. Kura 19,470 zilisema skuli zisifunguliwe kwa rangi zote, na 7,561 zilisema zifunguliwe. Mwaka mzima, wanafunzi zaidi ya 3,600 hawakuwa na skuli ya umma. Walimu, kwa kuwa walikuwa na mikataba, walikwenda kila asubuhi wakakaa katika madarasa matupu. Lakini mpira wa skuli uliendelea kuchezwa, hilo halikufungwa. Wazungu wengi walipata pengine pa kusomesha watoto wao, katika skuli za kulipa au miji ya jirani. Kwa upande wa Weusi, karibu nusu ya watoto hawakupata skuli yoyote. Kwao si mwaka tu uliopotea. Wako ambao hawakurudi tena darasani.

Safari hii moto ulivuka mstari. Mwezi ule ule wa Septemba mabibi wa Kizungu, wakiongozwa na Adolphine Fletcher Terry, bibi mtu mzima wa ukoo mkubwa, na wenziwe Vivion Brewer na Velma Powell, waliunda kamati ya kudai skuli zifunguliwe. Sisi twawaheshimu mabibi hawa. Walitukanwa kwa simu usiku na mchana. Wenye biashara wa mji walichelewa zaidi. Walishtuka hasa mwezi wa Mei 1959, wajumbe watatu wa Bodi walipojaribu kuwafukuza walimu na wakubwa wa skuli 44 kwa kuwashuku kuwa si wenzao. Kura ikapigwa tarehe 25 Mei, na wajumbe hao watatu wakaondolewa. Twauliza: ingalikuwaje kama Hall ingalibaki wazi, watoto wa magharibi wakasoma kama kawaida, na Central peke yake ikafungwa? Sisi twadhani mabibi wangalikuwa wachache zaidi, na wenye biashara wangalikawia zaidi. Mtu aweza kutusahihisha.

Skuli zikafunguliwa Agosti 1959. Na katika mwaka huo, kwa mara ya kwanza, wasichana watatu weusi waliingia Hall. Watatu tu. Miaka miwili, jeshi la miavuli, na mwaka mzima wa milango iliyofungwa, ili liguswe jambo ambalo mwaka 1955 lingaliguswa kwa kufuta kwa mpira na kupiga rula tena.

Huenda mmoja wenu akasema: hayo ni ya rangi, na ya watu wa kusini. Basi tumsogeze kaskazini kidogo, mpaka Detroit, mji wa viwanda vya magari, ambako hapakuwa na sheria ya skuli mbili. Hapo mstari haukuwa baina ya skuli na skuli. Ulikuwa baina ya mji na vitongoji vyake, kila kitongoji na bodi yake na fedha zake. Wazungu walikuwa wakihamia vitongojini, Weusi wakibaki mjini, na jaji akaona kuwa skuli za mji peke yake haziwezi kuchanganywa, kwa sababu waliobaki ni wa rangi moja. Akaamuru vitongoji viingizwe. Tarehe 25 Julai 1974 Mahkama Kuu ilimkatalia, majaji watano kwa wanne: mipaka ya bodi isivukwe, maadamu haikuthibitika kuwa vitongoji vimefanya kosa. Jaji Thurgood Marshall, ambaye kabla ya kuwa jaji ndiye aliyeshinda kesi ya mwaka 1954, aliandika kuikataa hukumu hiyo. Aliona miji inaachwa igawike miwili, mmoja mweupe na mmoja mweusi, na akasema watu watakuja kujuta. Neno «rangi» laweza kuondolewa katika khabari hii likawekwa neno lolote: kabila, chama, mtaa, mwenye nyumba na mpangaji. Kalamu haijali.

Katibu alitutaka pia tuseme mwananchi wa kawaida afanye nini. Hatuna dawa kubwa. Twasema tu kwamba ikisikiwa skuli itajengwa, watu waulize siku ile kiwanja kinapochaguliwa, wasingoje siku majina yanapobandikwa mlangoni. Ramani iombwe, na mwenye ramani aulizwe katika yale mambo ya haki ni lipi alilolitanguliza na lipi alilolifanya la mwisho. Ruhusa za kuhama ziulizwe kwa majina yake: nani anaruhusiwa, kwa sababu gani, na wangapi wamekwisha ruhusiwa. Na mtu aangalie watoto wa wale walioketi mezani watasoma wapi. Swali hili la mwisho si la adabu sana, twalijua, na mwulizaji hatapendwa. Huko Little Rock waliliacha liulizwe na watu wabaya.

Mtatuuliza Hall imekuwaje. Ipo. Wazungu wa magharibi waliendelea kuhama, zaidi magharibi, au wakawatia watoto wao katika skuli za kulipa, na ile skuli iliyojengwa ili asiingie mtoto mweusi ikawa baada ya miaka mingi ni skuli ambayo wengi wa watoto wake ni weusi. Januari 2015 serikali ya jimbo ilizichukua skuli za mji mikononi mwake kwa sababu ya matokeo mabaya ya baadhi yake. Mwaka 2019 ukatolewa mpango wa kuzirudisha kwa watu wa mji, isipokuwa zile zilizopata alama ya chini kabisa, ambazo zingeendeshwa kwa namna nyingine. Na zilikuwa ni zile za mitaa ya maskini. Watu wakakusanyika mbele ya Central, katika uwanja ule ule, wakasema kuwa huu ni mwaka 1957 umerudi, na mpango ukaondolewa. Mwaka 2020 ikafunguliwa skuli mpya kubwa ya sekondari upande wa kusini-magharibi wa mji, skuli mbili za zamani zikaunganishwa ndani yake, Hall ikageuzwa kuwa skuli ya kuombewa nafasi, na mipaka ikakatwa upya.